SURA YA NANE: KWA NINI MOSHI HUPANDA BOMBANI?

Katika sura iliyotangulia ulijifunza kwamba vitu vingi hupanuka vinapopata joto. Uliona jinsi chuma kinavyopanuka na jinsi maji yanavyopanuka. Katika sura hii utajifunza kwamba hewa nayo hupanuka. Tena utaona kwamba kupanuka huko kwa hewa ndiko kunakotoa moshi jikoni na kuupeleka nje juu ya paa.

1. Jiko la shule katika asubuhi ya baridi

Ngarenaro ni kata mojawapo ya jiji la Arusha. Jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji meusi. Kata hiyo iko chini ya Mlima Meru, katika kimo cha karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwezi Juni hadi mwezi Agosti baridi ya Arusha huwa kali. Watu huvaa masweta na makoti, na milango ya nyumba hufungwa mapema jioni na kufunguliwa kwa kuchelewa asubuhi.

Hebu tufikirie shule moja katika kata hiyo. Shule ina jiko la matofali linalotumia kuni. Juu ya jiko imepakatwa sufuria kubwa ya uji. Nyuma ya jiko limesimama bomba la bati, ambalo limepenya paa na kutokeza nje. Bomba la namna hii huitwa pia dohani. Kazi yake ni kuutoa moshi.

Siku za joto moshi hutoka vizuri. Lakini asubuhi moja ya mwezi Julai wanafunzi wa darasa la tano walipopita karibu na jiko walimwona mpishi amesimama mlangoni, akikohoa na kujifuta machozi.

"Shikamoo, mama," walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Kwa nini leo moshi umejaa humu ndani? Jana tuliuona ukitoka juu ya paa."

"Hata mimi nashangaa," mpishi alijibu. "Bomba ni lile lile, na kuni ni zile zile za jana. Jana mlango na madirisha vilikuwa wazi. Leo nilivifunga kwa sababu ya baridi."

Katika maneno hayo ya mpishi limo jibu la swali la wanafunzi. Je, umelitambua? Kama bado, usiwe na wasiwasi. Fanya majaribio yafuatayo pamoja na mwalimu wako, nawe utalitambua.

2. Hewa ya moto hupanda

*Jaribio la kwanza*

Vifaa: karatasi, mkasi, uzi, mshumaa na kiberiti.

Chora duara kwenye karatasi. Ndani ya duara hilo chora mstari unaozunguka kama nyoka aliyejikunja, kutoka ukingoni hadi katikati. Kata kwa mkasi ukiufuata mstari huo. Toboa kitundu katikati, upitishe uzi, kisha ufunge fundo. Ukiinua uzi, karatasi itaning'inia kama nyoka.

Mwombe mwalimu awashe mshumaa. Shika uzi ili nyoka wako aning'inie juu ya mshumaa, mbali na mwali wa moto kiasi cha urefu wa mkono mmoja tangu kiwiko hadi vidole. Tazama kwa makini.

Uliona nini? Nyoka alianza kuzunguka. Hakuna mtu aliyempuliza, wala dirishani hakukuingia upepo. Zima mshumaa, usubiri kidogo. Nyoka amesimama.

Kitu kilichomzungusha nyoka ni hewa iliyokuwa ikipanda kutoka kwenye mshumaa. Mwali uliipa hewa joto. Hewa ilipopata joto ilipanuka, yaani ilichukua nafasi kubwa zaidi kuliko mwanzo. Kwa hiyo debe moja la hewa ya moto lina hewa kidogo kuliko debe moja la hewa baridi. Madebe yote mawili yamejaa, lakini lile la hewa ya moto ni jepesi zaidi.

Labda utauliza: Je, hewa ina uzito? Naam, hewa ina uzito, ingawa hatuuhisi. Mahali penye kimo cha Arusha, hewa inayojaza kasha lenye urefu wa mita moja, upana wa mita moja na kina cha mita moja ina uzito wa karibu kilo moja. Hewa hiyo ikipashwa joto hadi nyuzi 200 za sentigredi, kasha hilo hilo litabaki na hewa yenye uzito wa karibu gramu 630 tu. Nyingine yote itakuwa imetoka nje ya kasha kwa sababu ya kupanuka.

Watu wametumia jambo hili kwa kazi nyingi. Mwaka 1783 ndugu wawili wa Ufaransa, Joseph na Étienne Montgolfier, walitengeneza mfuko mkubwa wa nguo na karatasi, wakaujaza hewa ya moto, nao ukapaa angani. Siku hizi katika Hifadhi ya Serengeti watalii hupaa kwa baluni za namna hiyo ili kutazama wanyama kutoka juu.

3. Nani anausukuma moshi?

Watu husema, "Bomba hili linavuta vizuri." Maneno hayo yamezoeleka, wala si vibaya kuyatumia. Lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: Bomba la bati litavutaje? Halina mikono. Halina pumzi. Ni bati lililokunjwa tu.

*Jaribio la pili*

Vifaa: kasha la kadibodi lenye kifuniko, makopo matatu yenye upana sawa yaliyotolewa vitako na vifuniko, mshumaa mfupi, kipande cha nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, gundi, udi unaofuka moshi, na ndoo ya maji au mchanga.

Hatua:

(a) Kata dirisha upande mmoja wa kasha, uliziba kwa nailoni ili uweze kuona ndani.

(b) Kata matundu mawili katika kifuniko cha kasha, moja upande wa kushoto na jingine upande wa kulia. Matundu yawe madogo kidogo kuliko makopo.

(c) Simamisha kopo moja juu ya kila tundu. Haya ndiyo mabomba yako mawili.

(d) Mwombe mwalimu asimamishe mshumaa ndani ya kasha, chini kabisa ya bomba la kulia, auwashe, kisha afunike kasha. Ndoo ya maji au mchanga iwe karibu wakati wote.

(e) Shika udi unaofuka karibu na mdomo wa bomba la kushoto, lile lisilo na mshumaa.

Moshi wa udi umekwenda wapi? Tumezoea kuona moshi ukipanda. Lakini hapa umeshuka! Umeingia katika bomba la kushoto, umepita ndani ya kasha, kisha umepanda na kutoka kwa bomba la kulia.

Sasa funika mdomo wa bomba la kushoto kwa kitabu. Tazama mwali wa mshumaa. Mwali unafifia na kuyumbayumba, na moshi uliokuwa ukitoka vizuri umekuwa dhaifu. Hukuligusa bomba la kulia hata kidogo. Uliziba njia ya kuingilia, ukaharibu njia ya kutokea. Usisubiri mshumaa uzimike. Ondoa kitabu, hewa ipite tena.

Jaribio hili linatufundisha jambo kuu la sura hii. Fikiria mizani ya sokoni yenye sahani mbili. Ukiweka kitu kizito katika sahani moja na kitu chepesi katika sahani nyingine, ile yenye kitu kizito hushuka, na ile yenye kitu chepesi huinuka. Kitu chepesi hakikuinuka kwa nguvu zake. Kimeinuliwa na uzito wa mwenzake.

Hali kadhalika jikoni. Ndani ya bomba imo hewa ya moto iliyochanganyika na moshi, nayo ni nyepesi. Nje ya bomba iko hewa baridi, nayo ni nzito. Hewa nzito hushuka, huingia kwa mlango wa jiko palipo na kuni, na kuisukuma ile nyepesi juu. Ikisha kuingia, hewa hiyo nayo hupashwa moto, huwa nyepesi, na husukumwa na hewa nyingine baridi inayoifuata. Hivyo hewa hupita mfululizo. Mwendo huo wa hewa tunauita mkondo wa hewa.

Kumbuka: Moshi haupandi kwa nguvu zake. Husukumwa na hewa baridi inayoingia kwa chini. Mahali pasipo na njia ya hewa kuingia, moshi hauwezi kutoka.

Mkondo huo unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, unautoa moshi. Pili, unauletea moto oksijeni. Ulijifunza kwamba karibu sehemu moja kati ya tano ya hewa ni oksijeni, na kwamba moto hauwezi kuwaka bila oksijeni. Ndiyo sababu jiko lenye bomba zuri huwaka bila kupulizwa.

Ukitaka kuona mfano mwingine mdogo, itazame taa ya chemli. Kioo chake kinazuia upepo, lakini pia ni bomba fupi. Hewa huingia kwa matundu yaliyo chini ya utambi, hupashwa moto, hupanda katika kioo na kutokea juu. Matundu hayo yakizibwa na vumbi, taa hutoa moshi na kioo hupata masizi, hata kama mafuta yamejaa.

4. Urefu wa bomba na joto lake

Rudi kwenye jaribio la pili. Ongeza kopo la tatu juu ya bomba la kulia ili liwe refu maradufu. Shika udi tena. Bila shaka moshi sasa unashuka kwa kasi zaidi upande wa kushoto. Kwa nini?

Tufanye hesabu. Tuseme bomba la jiko la shule lina upana wa sentimita 20 kwa sentimita 20, na urefu wa mita 5. Ujazo wake ni:

0.2 × 0.2 × 5 = mita za ujazo 0.2

Huko Arusha, hewa baridi ya ujazo huo ina uzito wa karibu gramu 200. Hewa yenye joto la nyuzi 200 ina uzito wa karibu gramu 125. Tofauti ni gramu 75. Hizo gramu 75 ndizo nguvu yote inayoutoa moshi. Ni uzito mdogo, kama yai moja kubwa hivi! Sasa tuseme bomba limekatwa, likabaki na urefu wa mita 2 na nusu. Hewa baridi itakuwa gramu 100, na hewa ya moto karibu gramu 62. Tofauti imebaki gramu 38 tu.

Kutokana na hesabu hii tunajifunza mambo matatu:

1. Bomba refu lina nguvu zaidi kuliko bomba fupi.

2. Bomba lenye joto lina nguvu zaidi kuliko bomba lililopoa.

3. Nguvu yenyewe ni ndogo sana. Kwa hiyo kizuizi kidogo tu, kama vile masizi, kona nyingi au upepo mbaya, kinatosha kuishinda.

Jambo la pili linaeleza kwa nini jiko husumbua wakati wa kuwasha. Usiku kucha bomba limepoa, na ndani yake imejaa hewa baridi. Hewa hiyo ni nzito kama ile ya nje, na wakati mwingine ni nzito kuliko hewa ya jikoni. Imekaa bombani kama kizibo katika chupa. Moto mdogo wa kwanza hauwezi kuiondoa, kwa hiyo moshi hurudi jikoni. Wapishi wenye ujuzi huanza kwa kuchoma karatasi au majani makavu ya mahindi karibu na mdomo wa chini wa bomba. Moto huo wa haraka huipasha joto hewa ya bombani, kizibo kikaondoka, ndipo huongeza kuni kubwa.

5. Kulichunguza jiko

Sasa tunaweza kumjibu mpishi wetu. Siku ile ya baridi bomba halikuwa limeharibika. Kwa kweli, hewa baridi ya nje ingelisaidia, maana ni nzito zaidi. Lakini mpishi alifunga mlango na madirisha, kwa hiyo hewa hiyo nzito haikupata njia ya kuingia. Alifanya kama wewe ulivyofanya ulipoweka kitabu juu ya bomba la kushoto.

Je, mpishi alazimike kupigwa na baridi ili apate kupika? La. Yatosha kuacha tundu la hewa chini ya ukuta, karibu na mlango wa jiko, ambalo halizibwi kamwe. Hewa itaingia kwa tundu hilo na kwenda moja kwa moja motoni, bila kumpitia mpishi mgongoni. Madirisha ya juu nayo yaachwe wazi kidogo, ili moshi unaoponyoka jikoni upate pa kutokea.

Lakini huenda jiko likafungiwa moshi kwa sababu nyingine. Fundi au mpishi anapolichunguza jiko hutazama mambo yafuatayo:

*Masizi.* Moshi unaopita huacha masizi katika kuta za bomba. Siku baada ya siku njia huwa nyembamba. Sharti bomba lisafishwe mara kwa mara kwa brashi ndefu au kwa gunia lililofungwa kwenye kamba, wakati jiko limepoa. Masizi mengi yanaweza pia kushika moto na kuunguza paa.

*Kuni mbichi.* Kuni zenye maji hutumia joto lao jingi kuyageuza maji hayo kuwa mvuke. Moshi unaobaki hauna joto la kutosha, nao ni mwingi. Kuni zipasuliwe, zipangwe mahali pasiponyeshewa, na ziachwe zikauke kwa miezi kadhaa.

*Mwanya katika bomba.* Kama bati limetoboka au viungo vimeachana, hewa baridi ya pembeni huingia bombani. Moshi hupoa kabla ya kufika juu. Viungo vizibwe kwa udongo au saruji.

*Kimo cha bomba juu ya paa.* Upepo ukipita juu ya nyumba hujizungusha nyuma ya kilele cha paa na kushuka. Bomba lililo chini ya kilele hupigwa na upepo huo, na moshi husukumwa kurudi ndani. Mdomo wa bomba uwe juu kuliko kilele cha paa.

*Kofia ya bomba.* Kofia huzuia mvua isiingie. Lakini ikikaa chini mno hugeuka kuwa kizibo. Iache nafasi ya kutosha kwa moshi kutoka pande zote.

*Kona.* Bomba lililonyooka ni bora. Kila kona hupunguza mwendo wa moshi na kukusanya masizi.

Je, tufanye mabomba yawe marefu sana na mapana sana ili moshi utoke kwa kasi? Hapana. Mkondo ukizidi, moto hula kuni haraka, na joto lote hukimbilia angani badala ya kuivisha uji. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi hupita polepole na kupoa njiani. Fundi mzuri hutafuta kiasi. Majiko mengine yana kibati bombani kinachoweza kusogezwa ili kupunguza mkondo. Kibati hicho kisifungwe kabisa maadamu makaa bado yanawaka. Sababu utaisoma hivi punde.

Tahadhari: Kupanda juu ya paa ni kazi ya fundi. Mwanafunzi achunguze jiko akiwa chini, pamoja na mtu mzima.

6. Matanuri ya Wafipa

Usidhani kwamba elimu hii ni ngeni katika nchi yetu. Wafipa, wanaoishi katika Mkoa wa Rukwa kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, walikuwa mafundi hodari wa kuyeyusha mawe yenye chuma. Wafua chuma wengi wa Afrika walitumia mivukuto, yaani mifuko ya ngozi ya kupulizia moto. Watu walilazimika kuisukuma mivukuto hiyo kwa saa nyingi.

Wafipa walijenga matanuri marefu ya udongo yaitwayo malungu. Tanuri moja lilifikia kimo cha karibu mita tatu, yaani lilikuwa refu kuliko mtu mzima aliyeinua mikono. Chini yake, kulizunguka pande zote, waliacha matundu, wakayatia mabomba ya udongo. Ndani walipanga mkaa na mawe yenye chuma. Walipowasha moto, tanuri zima lilikuwa dohani. Hewa ya moto ilipanda, hewa baridi ikaingia kwa matundu ya chini, na moto ukawaka kwa nguvu bila mtu wa kuvukuta. Baadaye chuma kilichopatikana kilisafishwa katika tanuri dogo, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika.

Mafundi hao walijua kanuni zile zile ulizozisoma: jenga tanuri refu, litie joto, na uiachie hewa njia ya kuingia chini. Chuma chao kilitengenezewa majembe yaliyolima mashamba ya Ufipa na nchi jirani. Matanuri kadhaa ya zamani yaliendelea kuonekana huko miaka mingi baada ya kazi hiyo kukoma.

7. Moshi ni hatari

Kujua njia ya moshi si jambo la kumfurahisha mpishi tu. Ni jambo la uhai.

Moshi wa kuni una vumbi laini sana linaloingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Watu wanaouvuta kila siku, hasa akina mama na watoto wadogo wanaokaa nao jikoni, hupata magonjwa ya mapafu, ya moyo na ya macho. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na hewa chafu ya majumbani, iliyotoka hasa katika moto wa kupikia.

Ipo hatari nyingine ambayo haionekani. Kuni au mkaa ukiungua mahali penye oksijeni haba hutoa hewa yenye sumu iitwayo kabonimonoksaidi. Hewa hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Huingia katika damu na kuizuia isichukue oksijeni. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha hulegea. Akiwa usingizini anaweza kufa bila kuamka.

Wakati wa baridi watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani ili wapate joto, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Wanaona mkaa umekuwa mwekundu na hautoi moshi, wakadhani hauna madhara. Jiko hilo halina bomba, na chumba hicho hakina njia ya hewa. Familia zimepoteza watu kwa namna hii. Basi wewe uliyesoma sura hii una wajibu wa kusema nyumbani:

Jiko la mkaa au la kuni lisilo na bomba lisiingizwe katika chumba cha kulala, hata kama baridi ni kali, hata kama moshi hauonekani.

Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, piga kelele kuita watu wazima. Milango na madirisha yafunguliwe, mgonjwa atolewe nje penye hewa safi, kisha apelekwe hospitali mara moja.

Watu wanafanya juhudi za kuondoa hatari hizi. Katika Wilaya ya Monduli, jirani na Arusha, wanawake wa Kimaasai wamejifunza kujenga majiko yenye bomba la moshi ndani ya nyumba zao, mahali ambapo zamani moto uliwaka wazi katikati ya mafiga. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wawe wanapika kwa nishati safi, kama vile gesi na umeme. Mpaka hapo, maadamu moto wa kuni unawaka jikoni, ni lazima moshi wake upewe njia ya kutoka na hewa ipewe njia ya kuingia.

Muhtasari

1. Hewa ikipata joto hupanuka na kuwa nyepesi.

2. Hewa baridi ni nzito. Hushuka na kuisukuma juu hewa ya moto.

3. Moshi hupanda bombani kwa sababu husukumwa na hewa baridi inayoingia kwa chini.

4. Mkondo wa hewa huongezeka bomba linapokuwa refu na lenye joto. Hupungua kwa sababu ya masizi, kuni mbichi, mianya, kona na kukosa njia ya hewa.

5. Kabonimonoksaidi haionekani wala hainuki, nayo huua.

Maswali

1. Eleza kwa nini moshi wa udi ulishuka katika bomba la kushoto katika jaribio la pili.

2. Mtu amejenga jiko zuri lenye bomba refu, lakini chumba chake hakina dirisha na mlango umefungwa. Jiko linatoa moshi ndani. Mshauri la kufanya, ukitoa sababu.

3. Kwa nini mpishi huchoma majani makavu karibu na bomba kabla ya kutia kuni kubwa?

4. Bomba lina upana wa sentimita 20 kwa sentimita 20, na urefu wa mita 10. Tumia vipimo vilivyomo katika sehemu ya nne kukadiria uzito wa hewa baridi, uzito wa hewa ya moto yenye nyuzi 200, na tofauti yao.

5. Matanuri ya Wafipa yalifanana na taa ya chemli kwa jambo gani?

6. Jirani yako anasema, "Mkaa ukisha kuwa mwekundu hauna sumu, kwa maana hautoi moshi." Mjibu kwa adabu, na umweleze kosa la maneno hayo.

Kazi ya kufanya nyumbani

Lichunguze jiko la nyumbani kwenu pamoja na mzazi au mlezi wako. Chora picha yake. Onyesha kwa mishale mahali hewa inapoingilia na mahali moshi unapotokea. Kama huoni mahali pa kuchora mshale mmojawapo, mweleze mzazi wako, nanyi mtafute njia ya kulirekebisha.